Maumivu ya unyayo na vidole vya miguu: mwongozo kamili wa kujua kinachouma na kukitibu

Swali linarudi kila siku kwa maneno yale yale, mguu unauma, nimechua, nimemeza dawa, nimenunua soli laini, bado uko vile vile, nifanyeje. Ukimdadisi anayeuliza unakuta kafanya mengi na yote mazuri ila hayakuwa ya tatizo lake. Mwenye gauti anachua dole gumba, mwenye ufa kwenye mfupa anafanya mazoezi ya kunyoosha, mwenye fangasi anapaka dawa ya misuli. Na wachache waliopatia wameacha siku ya nne eti haisaidii.

Kwa hiyo tunaenda hivi: kwanza unaondoa hatari, pili unatafuta panapouma kwa kidole chako mwenyewe, ndipo unaenda kwenye tiba ya hapo tu. Usiruke hatua ya 2 hata kama una haraka, hiyo ndiyo inayowaangusha wengi.

## Vitu vya kuandaa

- Taulo dogo
- Chupa ndogo ya plastiki, ijaze maji robo tatu uigandishe (ukiijaza pomoni itapasuka)
- Barafu na kitambaa cha kuizungushia
- Beseni, maji ya uvuguvugu na chumvi
- Kikata kucha, pamba safi, plasta ya kubandika
- Karatasi kubwa kuliko mguu wako, na kalamu
- Viatu vyako vyote unavyovaa mara kwa mara, vilete hapo ulipokaa

Kama una kisukari au miguu yako ina ganzi: maji ya moto hapana, barafu hapana, kujikata sugu hapana, plasta za dawa ya kuyeyusha sugu hapana. Ngozi yako haitakwambia kwamba imeungua au imekatika, na kidonda kidogo kinaweza kukufikisha pabaya. Soma mwongozo ila tiba ifanyike na wataalamu.

## Hatua ya 1: Hakikisha siyo la hospitali leo hii

Ukijiona hata kwenye moja kati ya hizi, acha kusoma, nenda.

- Umeanguka au umeteguka na huwezi kupiga hata hatua 4, au mguu umepinda, au ukibonyeza mfupa wenyewe unaruka kwa maumivu. Hapo inatakiwa eksirei.
- Kiungo kimevimba, kimekuwa chekundu na cha moto, na una homa. Inawezekana kuna usaha ndani, na usaha unaharibu gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) ndani ya siku chache.
- Mguu umekuwa wa baridi ghafla, umepauka au umekuwa wa bluu. Damu haifiki, na hapa tunahesabu saa, siyo siku.
- Kigimbi kimoja kimevimba na kinauma, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua. Damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa. Tafadhali usikichue.
- Ulisikia "pah" nyuma ya kisigino kama mtu kakupiga teke na sasa huwezi kusimama kwa ncha za vidole. Huenda kano (ile kamba inayounganisha kigimbi na kisigino) imekatika.
- Wekundu unapanda kuelekea juu, au ngozi imekuwa nyeusi, au kidonda kinatoa harufu.
- Una kisukari na mguu una kidonda, lengelenge, uvimbe au joto, hata kama hauumi. Kutouma ndiyo hatari yenyewe.

Hakuna hata kimoja? Sawa, endelea.

## Hatua ya 2: Tafuta penyewe, usiseme tu "mguu"

Kaa, vua soksi, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Kwa ncha ya kidole gumba cha mkono bonyeza taratibu kuanzia kisigino kwenda mbele, halafu juu ya mguu, halafu kila kidole, halafu kila nafasi kati ya vidole. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye mguu usiouma, maana kuna sehemu zinauma kidogo kwa kila mtu na bila kulinganisha utadanganyika.

Ukipapata, weka alama kwa kalamu hapo hapo kwenye ngozi. Halafu andika majibu ya maswali haya: panauma zaidi saa ngapi, palianza ghafla au taratibu, na ni nini kilibadilika wiki chache kabla. Hilo la mwisho watu wanalidharau sana wakati ndilo linalofichua mengi: viatu vipya, kazi ya kusimama kutwa, kuanza kukimbia, kuongezeka uzito, dawa mpya uliyoandikiwa.

Sasa linganisha:

- Chini ya kisigino, kali zaidi hatua za kwanza asubuhi: nenda A
- Nyuma ya kisigino kwenye kano: nenda B
- Dole gumba limevimba ghafla, jekundu, mara nyingi usiku: nenda C
- Pembeni ya kucha: nenda D
- Chini ya vidole pale unapokanyagia, au juu ya mguu: nenda E
- Kidole kimejigonga: nenda F
- Ngozi ndiyo inauma au kuwasha: nenda G
- Miguu yote miwili inawaka, inachoma choma, ina ganzi: nenda H

Utajua umefaulu ukiweza kusema sentensi moja kama "panauma chini ya kisigino upande wa ndani, asubuhi, tangu nianze kazi ya kusimama". Kama huwezi, rudia kesho asubuhi kabla hujatembea sana.

## Hatua ya 3: Tuliza kwanza

Hii ni kwa siku 2 au 3 za mwanzo, karibu kwa kila tatizo hapa isipokuwa G na H.

Punguza mzigo, siyo kulala kitandani. Aliyekuwa anakimbia atembee, aliyekuwa anasimama saa nzima akae kila baada ya muda. Ukilala kabisa misuli na kano vinazidi kuwa dhaifu na siku ukiinuka maumivu yanarudi na nguvu.

Barafu weka dakika 15 hivi, kitambaa kiwe katikati, rudia mara kadhaa kwa siku. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi, inaunguza kweli.

Dawa: mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia parasetamoli bila kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, na uangalie isiwe imo pia kwenye dawa yako ya mafua, hapo watu wanazidisha bila kujua. Ibuprofeni inapunguza na uvimbe, miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja baada ya kula, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila dokta.

Onyo: ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake siyo za mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo ulioshindwa, mjamzito, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hata mwenye presha aulize kwanza. Usichanganye mbili za kundi hili ukidhani utapona haraka.

## Hatua ya 4: Tiba ya pale panapouma

### A. Chini ya kisigino

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka. Kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole, ndio unaoshika upinde wa mguu. Ukibebeshwa kuliko uwezo wake unaumia pale unaposhikana na mfupa. Usiku unakaza, ndiyo maana ukishuka kitandani unahisi kama umekanyaga msumari, ukitembea kidogo unaachia, jioni unarudi.

Uthibitishe: vuta vidole vyote kuelekea kwenye muundi kwa mkono mmoja, utaona na kuhisi utepe umekaza chini ya ngozi. Ufuate kwa kidole mpaka kisiginoni, upande wa ndani. Ukiruka pale basi ni huo.

1. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole hivyo hivyo mpaka uhisi unyayo umekaza, hesabu 10, achia. Mara 10. Rudia mara 3 kwa siku, ila ile ya asubuhi usiikose kabisa, maana hatua ya kwanza ikikukuta utando umekaza unauumiza upya kila siku na huponi.

2. Kigimbi. Mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kisiinuke. Sekunde 30 mara 3, halafu rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Kigimbi kilichokaza kinavuta kisigino, ukikiacha utakuwa unatibu nusu.

3. Chupa ya barafu. Vaa soksi, viringisha unyayo juu yake dakika 10 jioni.

4. Kuimarisha, maumivu yakishapungua kidogo. Kunja taulo liweke kwenye ngazi, vidole vikae juu ya taulo, kisigino kining'inie hewani. Panda sekunde 3, tulia 2, shuka 3. Mara 12, pumzika, seti 3, siku moja ndiyo siku moja hapana. Shikilia kitu usianguke. Kuuma kidogo wakati unafanya ni sawa, ila kesho yake pasiwe pamezidi.

5. Usitembee peku ndani ya nyumba kwenye sakafu ngumu. Weka ndala yenye soli nene pembeni ya kitanda. Hii peke yake inawasaidia wengi na haina gharama.

Kuhusu ule mfupa uliochomoza kwenye picha ya eksirei, usikutishe. Watu wengi wanao na hawaumwi chochote, mara nyingi siyo wenyewe unaouma. Na sindano ya steroidi inatuliza kwa muda ila ikirudiwa rudiwa inaweza kudhoofisha utando mpaka ukatike, kwa hiyo isiwe ya kwanza kuikimbilia.

Mafanikio yanaonekanaje: siyo kupona ghafla. Kwanza maumivu ya asubuhi yanakuwa ya hatua chache badala ya dakika nyingi, halafu unakuta siku umeyasahau. Inachukua miezi, wengine mpaka mwaka, lakini wengi wanapona bila upasuaji. Wiki mbili bila mabadiliko siyo sababu ya kuacha.

### B. Nyuma ya kisigino

Hapa ni ile kano inayounganisha kigimbi na kisigino, asubuhi inakaza na inavimba kidogo. Inataka mzigo wa polepole, siyo kupumzishwa tu. Simama kwenye ngazi, panda kwa miguu yote miwili, shuka taratibu kwa mguu unaouma. Seti 3 za mara 15, kwa wiki 12. Kama panauma pale pale kano inapoingia kwenye mfupa, fanyia sakafuni, usishushe kisigino chini ya ngazi, unakibana zaidi.

Onyo: kama umeanza kutumia siprofloksasini au antibayotiki za kundi lake na kano ikaanza kuuma, acha mazoezi na mwambie aliyekuandikia siku hiyo hiyo. Hizi dawa zinajulikana kudhoofisha kano hata kuikata.

### C. Dole gumba limewaka usiku

Ulilala mzima, usiku unaamka shuka likigusa tu kidole unataka kulia. Limevimba, jekundu, linang'aa. Hiyo kwa kawaida ni gauti: asidi ya uriki imejaa kwenye damu na kutengeneza chembe kali ndani ya kiungo.

1. Usilichue wala usilikande kwa moto. Inua mguu, weka barafu.

2. Anza dawa ya uvimbe (ibuprofeni au ndugu yake mmoja) mapema, ndani ya saa 24 inafanya kazi vizuri zaidi, kama huna yale makatazo ya hatua ya 3. Usitumie aspirini kutuliza haya maumivu, inavuruga kiwango cha uriki. Kolchisini, dawa nyingine ya gauti, ni ya kuandikiwa na dokta na usiongeze dozi, ikizidi ni sumu.

3. Kunywa maji. Acha kabisa pombe, hasa bia, na soda na juisi za sukari.

4. Nenda ukapimwe. Ila ujue wakati wa shambulio kipimo kinaweza kuonyesha uriki ya kawaida, watu wanarudi nyumbani wakijua hawana gauti. Rudia wiki 2 hadi 4 baada ya kutulia.

Shambulio linaisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika: limepoa, mtu anasahau. Kumbe chembe bado zimo. Kama linarudi rudi, ongea na dokta kuhusu dawa ya kushusha uriki kama alopurinoli, lengo kwa kawaida ni chini ya miligramu 6 kwa desilita. Inaanzwa kidogo kidogo, na miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza hata kuongezeka, usiiache kwa sababu hiyo. Kama ulikuwa unaitumia tayari na shambulio likaja, endelea nayo. Ila upele ukikutoka, acha hiyo alopurinoli uende hospitali haraka.

Chakula kinasaidia (punguza maini, figo, nyama nyekundu, dagaa na samaki wa mafuta) lakini nisiwadanganye, kwa wengi chakula peke yake hakishushi uriki vya kutosha. Uliza pia kuhusu dawa yako ya presha kama ni ya kukojoza, baadhi zinapandisha uriki. Usiiache mwenyewe, uliza.

### D. Kucha imezama kwenye nyama

Inatokana na kukata kucha kwa mviringo, kuchimba kona, au viatu vya kubana. Kila ukichimba kona unapata nafuu siku mbili halafu kipande kilichobaki kinakua na kuchoma ndani zaidi, ndiyo maana inakurudia.

Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika 15, mara 3 kwa siku. Kausha. Sokota pamba iwe ndogo kama punje ya mchele, inua kona ya kucha taratibu uipenyeze chini yake ili kucha ikue juu ya nyama. Badilisha pamba kila siku baada ya kuloweka. Vaa viatu vya wazi. Kucha ikikua ikate moja kwa moja, kona zibaki zinaonekana.

Ndani ya wiki moja hivi uwekundu uwe umepungua. Kama kuna usaha, au nyama imeota juu ya kucha, usihangaike, kuna upasuaji mdogo unaofanywa kwa sindano ya ganzi, unaondoa ule ukingo wa kucha na ndio unaomaliza kesi.

### E. Mbele ya unyayo na juu ya mguu

Kama unahisi una kokoto ndani ya soksi na hakuna kitu, na inawaka kati ya kidole cha tatu na cha nne, ni mshipa wa fahamu umebanwa. Viatu vyembamba mbele na visigino virefu ndio chanzo, badilisha hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kama ni juu ya mguu, pointi moja kwenye mfupa, na ilianza ulipoongeza kukimbia au kutembea, wasiwasi ni ufa mdogo. Usifanye mazoezi "kuizoesha". Eksirei wiki 2 au 3 za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo "picha iko safi" siyo ruhusa ya kurudi kukimbia. Pumzisha, mara nyingi ni wiki 6 hadi 8, na mwone dokta.

Kifundo cha dole gumba kimechomoza pembeni? Hakirudishwi na vifaa vya kuvaa usiku, vinatuliza tu. Viatu vipana vinapunguza maumivu, upasuaji ni kwa anayeshindwa kuishi nacho.

### F. Kidole kimejigonga

Weka pamba kati yake na jirani yake, vifunge pamoja kwa plasta, isibane mpaka kidole kibadilike rangi. Badilisha kila siku mbili. Huchukua wiki 4 hadi 6. Dole gumba, au kidole kilichopinda, au mfupa unaoonekana, hivyo ni vya hospitali.

### G. Ngozi

Fangasi hupenda kati ya kidole cha nne na cha mwisho, ngozi nyeupe, inabanduka, inawasha. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, endelea wiki moja au mbili baada ya kuona pamepona. Wote wanaosema "fangasi wangu hawasikii dawa" karibu kila mara waliacha pale ilipoacha kuwasha. Kausha katikati ya vidole kila ukioga.

Sugu: loweka, sugua kwa jiwe kidogo kidogo, paka mafuta. Usitumie wembe. Na kama kiatu ni kile kile, sugu itarudi.

### H. Inawaka miguu yote miwili

Hapa hakuna cha kuchua. Pima sukari, pima vitamini B12 (hasa ukitumia metfomini, dawa ya kisukari, miaka mingi), sema ukweli kuhusu pombe. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu aulize kuhusu vitamini B6. Ukichelewa, mishipa ya fahamu hairudi yote.

## Hatua ya 5: Hukumu viatu vyako

Jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, simama peku juu ya karatasi uchore kuuzunguka mguu wako, kalamu ukiishika wima. Weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza pembeni, kiatu kinakubana hata kama umekizoea. Kisha shika kiatu mbele na nyuma ukikunje: kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati kama kitambaa, kiweke kando mpaka upone. Mbele ya dole refu ibaki nafasi ya karibu upana wa kidole gumba cha mkono.

## Hatua ya 6: Andika, na ujue lini pa kuishia

Kila Jumapili andika namba kati ya 0 na 10 kwa maumivu ya asubuhi na ya jioni. Kumbukumbu inadanganya, mtu aliyeshuka kutoka 8 hadi 5 anasema "bado vile vile" na anaacha tiba iliyokuwa inafanya kazi.

Kama namba haijasogea kabisa baada ya wiki 6 za kufanya kweli, au inapanda, au maumivu yanakuamsha usiku, nenda hospitali. Beba ile karatasi ya hatua ya 2, orodha ya dawa zote unazotumia na viatu unavyovaa zaidi. Na usiseme "mguu unauma", onyesha kwa kidole kimoja.